Ukimwigiza Mwalimu, mpe Uria nafasi ya kusema

Kila mwaka Agosti inapoisha, katika parokia na shule nyingi za huku Kanda ya Ziwa, kuna mtu huitwa ofisini na kuambiwa: mwaka huu igizo la Kumbukumbu ya Mwalimu ni lako. Huenda mtu huyo ni wewe, mpendwa msomaji. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, au katekista, au mlezi wa vijana, au ni yule tu aliyesema kwa sauti mwaka jana kwamba igizo lilikuwa refu. Umepewa vijana ishirini, ukumbi wa viti vya plastiki, kipaza sauti kimoja kinachokoroma, na wiki sita mpaka Oktoba 14. Tafakari ya leo ni yako.

Igizo lenyewe unalijua hata kabla ya mazoezi ya kwanza. Atatafutwa kijana mwembamba mwenye kipaji cha kuiga sauti. Atavalishwa kofia, atapewa kifimbo, atachorwa masharubu kwa masizi. Akitamka neno la kwanza tu ukumbi utaangua kicheko, maana sauti ile kila mtu anaijua hata aliyezaliwa baada ya mwaka 1999. Atatokea mkoloni wa kupiga kelele. Bendera itashuka, nyingine itapanda. Litasomwa Azimio. Kisha hospitali ya London, kwaya inaimba polepole, kina mama wanafuta machozi kwa pindo za khanga. Makofi. Soda.

Hakuna uongo katika igizo hilo. Kila kilichoonyeshwa kilitokea. Lakini siku hiyo usiangalie jukwaa peke yake. Geuka uwatazame wazee walioketi safu za nyuma, hasa wale waliotoka Kwimba, Magu au Misungwi. Wanapiga makofi, kwa sababu walimpenda na bado wanampenda. Halafu wanatoka kimya. Kuna kitu wanakijua ambacho igizo halikuwauliza.

Tusishangae sana kwamba tunaigiza hivyo, kwani ndivyo tulivyofundishwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi waliombwa wapeleke siasa ile kwa wananchi, na shule zikajaa ngonjera. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyekuwa pia ametunga utenzi wa Injili, ndiye aliyeikuza aina hiyo, na vitabu vyake vya ngonjera vya miaka ya 1970 vilikaririwa na watoto wengi ambao leo ni babu na bibi. Katika ngonjera mmoja haelewi, mwingine anamwelewesha, na mwishoni wote wanakubaliana. Ni chombo kizuri cha kufundishia kanuni. Kwa kusimulia maisha ya mtu hakifai, kwa kuwa maisha ya mtu hayaishi kwa wote kukubaliana.

Mwalimu mwenyewe alituachia mchezo wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare unaomhusu Julius Caesar. Akaurudia, akaurekebisha, ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 akatoa na Mabepari wa Venisi. Tunapenda kuzitaja kazi hizi kama ushahidi wa mapenzi yake kwa Kiswahili, na ni sawa. Ila tulia kidogo ufikirie alichagua kuanza na mchezo gani.

Ni mchezo wa mtawala anayependwa na umati. Rafiki zake wanaogopa kwamba mapenzi hayo yatamfanya mfalme. Brutus, aliye mwadilifu kuliko wote, anakubali kumwua rafiki yake kwa ajili ya taifa. Hana tamaa ya fedha wala cheo. Ana wazo safi na kisu. Mtawala anakufa mchezo ukiwa bado katikati, na sehemu yote iliyobaki ni bei ya wazo lile safi: ghasia, vita, na mshairi mmoja asiye na kosa, Cinna, anayeuawa na umati kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliomwua Caesar. Tena Shakespeare hakumfanya Caesar jiwe la kaburi. Amempa ugonjwa wa kuanguka, na sikio la kushoto lisilosikia, mpaka mtu anayetaka kusema naye jambo la maana inabidi apite upande wa kulia.

Hebu fikiria: mtawala aliye madarakani, ambaye jina lake la ubatizo ni Julius, anakaa na kutafuta maneno ya Kiswahili ya kueleza mtawala mwenye sikio moja bovu. Kisha anawapa raia wake wasome. Sijui mkuu wa nchi mwingine wa wakati ule aliyefanya hivyo. Mtu wa namna hiyo hawezi kutukanwa na igizo linaloonyesha kwamba naye alikuwa na upande asiosikia vizuri. Miaka ileile, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, mchezo wa kiongozi aliyewapa watu tumaini kubwa kuliko uwezo wake wa kulisimamia, na watu wakafa kwa tumaini hilo. Nao ulisomwa mashuleni. Basi ruhusa unayo, na ni ya zamani.

Lakini wewe unaandaa igizo la parokia, na bado unaona wasiwasi. Unajiuliza kama ni haki kwa Mkristo kumweka marehemu jukwaani pamoja na makosa yake. Tufungue Biblia basi, maana humo mfalme mmoja ameigizwa mara mbili.

Daudi tunampata katika vitabu vya Samweli, na tunampata tena katika Mambo ya Nyakati. Mwandishi wa Samweli anatuambia yote: jioni ile juu ya dari, mke wa mtu, mimba, barua aliyoibeba Uria Mhiti kwa mkono wake mwenyewe bila kujua kwamba ina hukumu ya kifo chake. Mwandishi wa Nyakati anafika mahali palepale, anasema vita vilipiganwa na Daudi akabaki Yerusalemu, halafu anaruka. Bathsheba na jioni ile hawapo. Uria amebaki jina moja katika orodha ya mashujaa. Unaweza kusema mwandishi wa Nyakati aliandaa igizo la Oktoba 14.

Kanisa limevitunza vitabu vyote viwili. Hata hivyo tazama Mathayo alifuata kipi alipoandika ukoo wa Bwana wetu. Katika orodha ile ndefu tunayoisoma Desemba huku watoto wakisinzia, akifika kwa Sulemani hamtaji Bathsheba kwa jina. Anasema mama yake alikuwa mke wa Uria. Miaka karibu elfu moja imepita, mfalme amekuwa mkubwa wa kutajwa kila mahali, Masiha mwenyewe anaitwa Mwana wa Daudi, na Mathayo anamrudisha yule askari Mhiti katikati ya ukoo. Hakumfuta Daudi. Alimwongeza Uria.

Hilo ndilo ombi langu kwako unayeandaa igizo. Mwongeze Uria.

Utaniambia Mwalimu hakuchukua mke wa mtu wala hakujenga majumba, na utakuwa umesema kweli. Udhaifu wake haukuwa tamaa. Kwa hiyo mfano ulio karibu naye zaidi uko mwishoni mwa kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24, ambayo mahubiri mengi huipita. Daudi anaamua kuwahesabu watu wote wa Israeli. Yoabu, mkuu wa majeshi, mtu ambaye kwa kweli hakuwa mpole, anamwuliza kwa nini anataka jambo hilo. Neno la mfalme linashinda. Hesabu inachukua miezi 9 na siku 20. Ndipo moyo wa Daudi unamchoma, lakini tauni inakuja, na watu 70,000 wanakufa. Mfalme anamlilia Mungu: aliyekosa ni mimi, kondoo hawa wamefanya nini?

Kosa la mfalme aliyekaa mezani na mpango, na mshauri aliyeuliza akazidiwa na neno la mkubwa. Gharama ikawaangukia watu ambao hawakuwepo kwenye kikao. Sasa turudi huku kwetu.

Usianze na makosa. Ukianza nayo utakuwa umeandaa kesi, na watazamaji watachagua upande kabla hawajaelewa. Anza na Mwisenge, Musoma, mwaka 1934: mtoto Kambarage wa Butiama anaanza shule akiwa na umri wa miaka 12. Onyesha Nyegina, Desemba 23, 1943, kijana wa Makerere anabatizwa na kuchagua jina. Onyesha Pugu mwaka 1955, pale alipotakiwa kuchagua kati ya kufundisha na siasa, akaacha mshahara. Onyesha kisomo cha watu wazima, na hapa Mwanza ina jambo la kujivunia: mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza mwaka 1968 katika mikoa hii ya Ziwa, makao yake yakiwa hapa. Mpe mama mmoja jukwaa zima aandike jina lake ubaoni kwa mara ya kwanza, polepole, herufi kwa herufi, bila muziki. Watazamaji watakaa kimya, nawe utaona kimya hicho kinazidi hotuba.

Onyesha pia Azimio la Musoma, Novemba 1974, chama kilipoamua kwamba kila mtoto wa rika la shule awe darasani kufikia mwishoni mwa 1977. Mji uleule ambako mtoto Kambarage alianza shule. Hapo watazamaji wako wampende kabisa. Ndoto yake ilikuwa nzuri, na asiyeihisi uzuri wake hataelewa kilichofuata.

Kilichofuata kilikuwa ndani ya ndoto hiyohiyo. Katika maandiko yake ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 Mwalimu alisisitiza kwamba mtu asilazimishwe kuingia kijijini. Ashawishiwe, aone faida, aamue. Miaka sita ikapita. Watu hawakuhama kwa kasi aliyoitarajia. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na iwe imetimizwa kufikia mwisho wa 1976. Maneno yale mawili ya mtu mmoja, la 1967 na la 1973, yakisomwa jukwaani na mwigizaji mmoja bila maelezo yoyote katikati, yanatosha kuwa onyesho zima.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilifika mikoa yetu. Kwa Msukuma aliyekuwa akiishi na ng'ombe wake na shamba lake la pamba, kaya yake ikizungukwa na minyaa, mbali kidogo na jirani ili mifugo ipate pa kupita, kijiji cha mistari iliyonyooka kilikuwa kitu kigeni. Baadhi walihama kwa hiari. Wengi walihamishwa. Mahali pengine nyumba zilichomwa au kuezuliwa mapaa ili mwenyewe asirudi usiku. Makaburi ya wazazi yalibaki nyuma. Mashamba yakawa mbali, samadi ikabaki ilikokuwa. Mahame yale, uzio wa minyaa uliokua mkubwa bila nyumba ndani yake, yapo mpaka leo kwa anayejua kuyatazama.

Ili uwe mwenye haki, weka na yaliyomzunguka. Miaka ya 1973 na 1974 ilikuwa ya ukame. Mafuta yalipanda bei duniani kote. Na viongozi wengi wa chini walifanya kwa pupa kuliko walivyoagizwa, kila mmoja akitaka taarifa yake ifike kwanza Dar es Salaam. Mwonyeshe katibu mmoja wa namna hiyo, mwenye daftari na kalamu mbili mfukoni. Atachekesha, halafu kicheko kitakwisha chenyewe. Wala usisahau kwamba katika vijiji vingi shule ilikuja kweli, na zahanati, na bomba. Mzee yule wa safu ya nyuma aliyepoteza nyumba, mjukuu wake alisomea shule iliyojengwa kwa sababu watu walikusanywa pamoja. Haya mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja, na ndiyo sababu anatoka kimya.

Kuna onyesho ambalo Mwanza haina haki ya kuliacha, nalo ni la ushirika. Wakulima wa pamba wa huku walijenga vyama vyao wenyewe kabla ya Uhuru. Muungano wao wa Victoria Federation, ulioanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ulikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya Waafrika barani. Walinunua pamba yao, wakamiliki viwanda vya kuichambua. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vya ushirika nchini. Vilikuwa na wizi na upendeleo ndani yake, hilo linajulikana. Lakini nyumba yenye panya hubomolewa na nani? Mkulima alirudi kuwa mtu wa kusubiri mizani ya mwingine.

Na kuna jambo gumu zaidi. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya usalama viliendesha msako kufuatia mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi. Watu wengi walikamatwa, wakateswa, baadhi wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu ingawa hakuwa yeye aliyempiga mtu. Tunaisimulia habari hii kila mara kama somo la uwajibikaji, na Mzee Mwinyi anastahili heshima hiyo. Ila angalia tunavyoisimulia: jina la waziri tunalo, tarehe yake tunayo, waliokufa hatuwataji. Waliokufa ndio Uria. Kama huwezi kuwataja, weka kiti kitupu jukwaani, usikiondoe mpaka mwisho.

Ongeza, kama muda upo, sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na siku za Januari 1964 wanajeshi wa Colito walipoasi na Rais ikabidi afichwe, kisha akaomba msaada wa askari wa Uingereza, walewale aliowaaga kwa heshima miaka miwili kabla. Aibu ile ilimuuma. Mtu aliyewahi kujificha hivyo huogopa vitu ambavyo wengine hawavioni, na mwigizaji wako akilielewa hilo, ataacha kuiga sauti na kuanza kuigiza mtu.

Sasa pingamizi kubwa. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, na leo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Atatokea mzee wa kanisa, au padre paroko mwenyewe, aseme: tunamwombea afike altareni, ninyi mnamleta na nyumba zilizochomwa?

Mjibu kwa upole, tena kwa heshima, kwamba Kanisa lenyewe ndilo linalouliza. Katika mchakato wa namna hiyo mashahidi huitwa kueleza mema na mabaya, na kuna afisa maalumu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba lililo kinyume halifichwi. Zamani watu walimwita wakili wa shetani, jina la kutisha kwa kazi takatifu. Anayetafutwa ni mtu aliyeishi imani, tumaini na mapendo kwa kiwango cha kishujaa, hatafutwi asiyekosea. Petro alikana mara tatu, na Injili zote nne zimeiandika aibu hiyo. Wakristo wa kwanza waliokuwa wakimsikiliza Petro akihubiri walijua habari ya jogoo.

Kama mchungaji wako ni wa Kanisa jingine na hana habari za utakatifu wa namna hiyo, mpeleke kwa Nathani. Nabii yule hakumpigia mfalme kelele. Alimpa kisa cha tajiri na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, mfalme akakasirika kwa niaba ya maskini, na katika hasira ile akajihukumu mwenyewe. Kuna mchezo wa kuigiza mdogo zaidi ya huo? Mwigizaji mmoja, mtazamaji mmoja, na mtazamaji akageuka kuwa mhusika.

Upo pia upotovu wa upande wa pili, ambao nauona zaidi kwa vijana. Kijana aliyesikia habari za foleni za sabuni na unga wa yanga wa miaka ya 1980 anataka igizo ambalo Mwalimu ni mtu aliyeharibu nchi, basi. Huyo naye anaruka kurasa, kama mwandishi wa Nyakati, isipokuwa anaruka zile nzuri. Mkumbushe vita ya Kagera ya 1978 na 1979, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka katika ardhi ya Ziwa hilihili, na gharama yake. Mkumbushe mtu aliyekuwa na nchi mkononi kwa zaidi ya miaka 20 akaondoka kwa miguu yake mwaka 1985, akarudi Butiama kulima, na kuendelea kuweka Injili katika tenzi za Kiswahili.

Halafu mwonyeshe Mwalimu akikiri. Mwaka 1977, katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, aliandika waziwazi kwamba nchi haikuwa ya kijamaa wala ya kujitegemea bado. Ushirika ukarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika mahojiano ya 1984 alisema kwamba kama angeanza upya, mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Alisema walikosa subira. Ni watawala wangapi wa bara hili waliosema hivyo wakiwa bado wamekalia kiti? Hapo ndipo Daudi alipotofautiana na Sauli. Sauli alipoambiwa alianza kueleza kondoo wale walitoka wapi na nani aliwataka. Daudi alisema nimekosa.

Usilifanye onyesho hilo kuwa la mwisho, nakuomba. Tukilifanya la mwisho tutakuwa tumesema kwamba mfalme akishakiri, Uria amefufuka. Kuhusu vijiji, tena, Mwalimu aliendelea kuamini kwamba wazo lilikuwa sahihi, na usimtie mdomoni toba ambayo hakuitoa. Daudi alipotaka kujenga madhabahu ya kuisimamisha tauni, Arauna Myebusi alimpa uwanja wake wa kupuria bure, ng'ombe na kuni juu yake. Daudi alikataa. Alisema hatamtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa shekeli 50 za fedha. Igizo lako nalo litakugharimu kidogo: mazungumzo magumu na kamati, pengine mfadhili mmoja atakayepunguza mchango, pengine mgeni rasmi atakayeangalia saa.

Kwa mazoezi, basi. Kifimbo umpe mwigizaji wako wiki ya mwisho tu. Akikipata mapema atajificha nyuma yake. Yoabu umpe kijana jasiri, kwa maana lazima awepo mtu jukwaani anayemwuliza Mwalimu swali moja halali na kunyamazishwa. Pendekeza mtu wa upande wake wa kushoto.

Uria usimtungie maneno. Wiki hii, kabla hujagawa nafasi, watume vijana wako wawili wawili kwa wazee wa jumuiya ndogondogo. Wakasalimie vizuri, mwangaluka bhabha, mwangaluka mayu, wakae chini, wasiende na maswali ya Azimio wala ya siasa. Waulize nyumba ilikuwa wapi. Waulize mlango ulitazama upande gani, walipewa siku ngapi, lori lilikuja saa ngapi, bibi alibeba nini kwanza. Waandike kama yanavyosemwa, kwa Kisukuma kama yatasemwa kwa Kisukuma, wasiyasafishe. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 sasa amevuka 70. Na wakimaliza wamwombe mzee, kama miguu inaruhusu, aje ukumbini Oktoba 14, akae safu ya mbele.